Posa ya Mwakio kwa Mama Rosario

Mmeniuliza mmoja mmoja, sokoni, kanisani, hata juzi nikiwa kwa fundi wa viatu, na nyote mnataka nianze na lile lile: "Mwalimu Wakesho, ni kweli ulikula kabla hujasikilizwa?" Haya. Nilikula. Sasa kaeni vizuri niwahadithie tangu mwanzo, maana Mzee Mwadime aliyewapigia simu kutoka London alianzia katikati, na yale yanayomhusu yeye mwenyewe akayaruka.

Kwa wale wasiotujua, Mwakio ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ni muuguzi huko London, ana miaka thelathini na sita, na mama yake, Mkamburi, alikuwa ameanza kuwaangalia wajukuu wa watu kwa jicho la kutisha. Mwaka huu Mwakio akapiga simu kusema amempata msichana anayeitwa Daniela. Wanasali kanisa moja, na kwao ni Ekuado, huko Amerika ya Kusini wanakoongea Kihispania. Wanapendana. Shida ilikuwa mama mtu. Mama Rosario alikuwa amekataa hata kumsikiliza kijana wetu. Alisema neno moja tu: kama ana watu wake, waje. Na Daniela naye akasema bila baraka za mama yake haolewi.

Kwetu mama mzazi haendi kumposea mwanawe. Baba hayupo. Amebaki nani? Shangazi.

Voi hadi Nairobi

Mkamburi alinisindikiza stesheni na mizigo ya watu watatu: leso sita, korosho, na kibuyu kikubwa ambacho hakiingii ndani ya mfuko wowote duniani. Treni ikachelewa saa nzima. Tukakaa kwenye benchi, naye akanifundisha la kusema kana kwamba mimi sikusimama mbele ya darasa miaka thelathini.

"Na msile mpaka msikilizwe," akasema.

"Nani asahau hilo?" nikamjibu kwa ukali. Nyinyi mnajua, ila watoto wenu hawajui, kwa hiyo niseme. Wajumbe wa posa hawatii kitu mdomoni kabla neno lao halijasikilizwa. Ukila kwanza, umeonekana umefuata sahani.

Treni ilipoingia alinishika mkono. "Wakesho, usinirudie na jibu la 'tutaona'. Nimechoka na 'tutaona'. Ikiwa ni ndiyo, ndiyo. Ikiwa ni la, nijue nianze kulia mapema." Alikuwa ameshaanza. Mimi nikajifanya natafuta tiketi mkobani.

Nairobi hadi Heathrow

Ndege ya kwanza nililala, sina la kuwaambia. Mambo yalianza tuliposhuka katikati ya safari kubadilisha ndege, tukaambiwa ile ya pili ina hitilafu, tungoje. Tulingoja saa sita. Miguu ikavimba kama maandazi.

Karibu yangu alikaa mzee wa Kisingasinga, amefunga kilemba cha buluu, anaangalia kibuyu changu. Mara akanena kwa Kiswahili safi kabisa: "Mama, hicho umekitoa Taita?"

Nusura nikiangushe. Kumbe mzee alizaliwa Kisumu, akaondoka kijana, na sasa ana duka Ilford, upande wa mashariki wa London. Akafungua kopo lake, akanigawia chapati na achari ya ndimu. Achari hiyo, jamani, ilinitoa machozi na nikaomba nyingine.

"Unakwenda kutembea?" akaniuliza.

"Nakwenda kwa mambo ya ndoa."

"Hongera sana! Bwana ana umri gani?"

"Thelathini na sita."

Akaziangalia mvi zangu, akaangalia kiatu changu, kisha akasema kwa adabu kwamba siku hizi dunia imebadilika. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Nikamweleza vizuri, naye akacheka mpaka kilemba kikatikisika.

"Kwa Wahispania! Wale si wa Hispania lakini, ni wa Amerika ya Kusini. Watu wazuri, wachapa kazi. Nilipofungua duka langu sikuwa na mteja hata mmoja wao. Sasa naweka unga wao wa mahindi, maharagwe yao meusi, ndizi zao za kupika, na Jumamosi vinaisha kabla ya adhuhuri. Kila wiki naona sura mpya."

"Na wanaishi wapi wote hao?"

"Hilo ndilo swali la London, mama. Wanabanana. Sisi tulipofika tulikuwa watu tisa vyumba viwili, tukilala kwa zamu. Waulize, watakuhadithia."

Nikaona ananitisha tu. Kina mama, mimi nilidhani Uingereza kila mtu ana ngazi yake na ua wake.

Heathrow hadi Lewisham

Mwakio alinipokea na koti zito, akanivisha hapo hapo uwanjani kama mtoto wa chekechea. Tukapanda ile treni yao mpya ya rangi ya zambarau, safi, kimya, kila mtu anaangalia simu yake. Niliwasalimu watu wa behewa zima. Aliyeitikia ni mmoja, na alikuwa Mganda.

Tukabadilisha, tukabadilisha tena, mpaka Lewisham, karibu na hospitali moja hivi. Akafungua mlango wa nyumba, halafu mlango mwingine, akaweka mizigo chini, akasema, "Karibu nyumbani, Shangazi."

Nikangoja anipeleke ndani. Kumbe ndiyo ndani. Kitanda, kabati, meza ndogo, na dirisha linaloangalia mapipa ya taka. Jikoni anashirikiana na wauguzi wengine watatu, na nilipoingia kuchemsha maji wawili walikuwa wanazozana juu ya sufuria ambayo haikuoshwa. Kijana wa watu alinipa kitanda chake, akaenda kulala kwa rafiki. Na mnajua analipa kodi gani? Sisemi, mtaugua.

"Nimetafuta nyumba mwaka mzima," aliniambia akinimiminia chai. "Kila nikienda kuona, nakuta watu ishirini wametangulia." Halafu akaangalia kikombe. "Shangazi, Jumapili, hiki chumba usikitaje. Sema tu natafuta."

"Tutajua huko huko," nikamjibu, lakini moyo wangu ulishuka.

Jumapili ilikuwa moja tu. Mama Rosario husafisha maofisi siku sita kwa wiki, anatoka alfajiri, na ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumanne. Tulialikwa saa saba mchana.

Lewisham hadi Seven Sisters, kwa kuzunguka

Posa haiendi na mwanamke peke yake. Ikabidi atafutwe mzee wa kiume wa kwetu, ndipo akapatikana Mzee Mwadime wa Barking. Mzee Mwadime aliendesha mabasi London mpaka akastaafu, na hataki kabisa mtu amwonyeshe njia. Akaja na suti, tai, na njaa, kwa sababu alikuwa amefunga kwa ajili ya komunyo asubuhi na hakupata nafasi ya kula baadaye.

Tukafika stesheni, treni haziendi. Matengenezo. Mwakio akatoa simu atafute njia nyingine.

"Weka hiyo simu," akasema Mzee Mwadime. "Kuna basi nililiendesha mwenyewe miaka tisa. Litatutua mlangoni."

Basi tukalipanda. Mzee akawa anatuonyesha kila pembe: hapa alipata pancha, hapa alisimamishwa na harusi ya Wanaijeria. Baada ya dakika arobaini nikamwona anaanza kuinuka, anakaa, anainuka. Kumbe njia ya basi lile ilibadilishwa alipostaafu, na hakuna aliyemwambia. Tulikuwa tunaelekea kusikojulikana na tai yake nzuri.

"Wamenibadilishia barabara!" akalalamika. Mwakio alitoa simu taratibu, tukashuka, tukaanza upya. Nilimsema mzee wa watu mpaka nikamwonea huruma.

Tulipotokea Seven Sisters, kaskazini kabisa ya jiji, ilikuwa saa nane imepita. Na hapo, kina mama, ndipo nilipoona wale aliowasema mzee wa Ilford. Vinyozi wao, bucha zao, maduka ya kutuma pesa kwao, ofisi ya wakili iliyoandikwa Kihispania mlangoni. Kanisani watu walikuwa wanatoka misa na wengine wanaingia nyingine. Mama anamgombeza mtoto kwa Kihispania, mtoto anajibu kwa Kiingereza. Nilicheka peke yangu, maana ndivyo walivyo wajukuu wa Mzee Mwadime kule Barking.

Tukaingia kuuliza njia kwa mama mmoja muuza mikate, mtu wa Kolombia. Akatuonyesha mtaa, na kwa sababu niliuliza, akanieleza kwa Kiingereza chake: "Nilipofika hapa miaka mingi iliyopita, nikisikia mtu anaongea Kihispania barabarani nilikuwa namkimbilia nimkumbatie. Leo nikifanya hivyo sitafika nyumbani."

Mikate yake ilikuwa ya nyama, imetoka tu motoni. Mzee Mwadime alishaingiza mkono mfukoni.

"Hatuli," nikamvuta koti.

"Mwalimu, hii si nyumba ya posa, ni duka!"

"Hatuli."

Nje ya nyumba tukamwacha Mwakio kwenye kituo cha basi upande wa pili wa barabara, maana mposaji haingii. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulikuwa tumechelewa saa moja na nusu.

Jikoni

Daniela alitufungulia. Msichana wa maana, mwenye adabu, macho ya hofu. Tukapita ngazi iliyojaa viatu, na kila mlango tuliopita ulikuwa na sauti ya watu wake: mtoto analia, redio, mtu anakoroma. Vyumba sita, familia sita. Akatuingiza jikoni.

Mama Rosario alisimama mbele ya jiko. Mfupi, nywele amezifunga, aproni safi, na mikono imepasuka kwa sabuni za kazini. Mezani palikuwa na mchuzi wa mbuzi, wali wa manjano, ndizi mbivu za kukaanga na parachichi. Lo! Mimi nilidhani nitalishwa viazi vya Kizungu. Ilikuwa kama niko harusini Voi. Tumbo la Mzee Mwadime likaongea kwa sauti.

Akatuonyesha viti. Tukakaa. Akachukua sahani yangu apakue, nikaifunika kwa mkono.

"Mama Rosario," nikasema, "tumetoka mbali na tuna neno. Tunaomba tusikilizwe kwanza."

Aliyetafsiri ni Daniela mwenyewe! Mwari anatafsiri posa yake mwenyewe. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, lakini nani mwingine angeweza?

Mama Rosario akajibu. Daniela akasema, "Mama anasema kuleni kwanza."

"Mwambie tunashukuru. Kwetu hatuli kabla ya kusikilizwa."

"Anasema kwao mgeni hatoi neno akiwa na njaa. Ni aibu."

"Basi mwambie atusikilize upesi, halafu tule."

"Anasema kuleni upesi, halafu mseme."

Tukatazamana. Yeye ameshika mwiko, mimi nimefunika sahani. Nilianza kuona anatudharau, anataka kutushibisha atufukuze. Kiburi changu mnakijua. Nikakunja mikono kifuani. Mzee Mwadime akaninong'oneza, "Mwalimu, neno ni lako. Lakini mimi nakufa."

Ndipo Mama Rosario akasema kitu kwa sauti ya chini, na Daniela akawa mwekundu. "Anti... mama anauliza kama unaogopa jiko letu ni chafu."

Jamani. Niliangalia lile jiko. Lilikuwa linang'aa kuliko langu mimi. Mwanamke anasafisha London nzima siku sita, na siku yake ya kupumzika anakuja mtu wa kukataa chakula chake!

Kabla sijajibu, mlango ukasukumwa. Bwana mmoja alisimama pale na sufuria yenye viazi, akaomba radhi, akaonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa ratiba. Kila familia na saa zake za kupika.

"Saa yetu ilikuwa saa saba mpaka saa nane," Daniela akanieleza, machozi karibu. "Mlipochelewa mama akamwomba jirani saa yake. Huyu hawezi kungoja tena, anaingia kazini. Ikifika saa tisa inabidi tutoke, na chakula kitaliwa kitandani, kimepoa. Mama hakutaka mle kitandani."

Niliangalia saa ukutani. Zimebaki dakika ishirini.

Basi, mliotaka kujua, ni hapo. Nilitoa mkono juu ya sahani, nikaisogeza mbele ya Mama Rosario mwenyewe. Akapakua. Nikala. Nikaongeza. Mzee Mwadime aliongeza mara tatu na hilo hakuwaambia kwenye simu. Mchuzi ulikuwa mkali kidogo, mtamu kidogo, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa. Yule bwana wa viazi akapewa sahani akala wima, na saa tisa ilipogonga meza ilikuwa imefutwa. Mama Rosario hakucheka, lakini alinipigapiga bega aliponipita.

Chumba cha juu

Hapakuwa na mahali pengine pa kuongea ila chumbani kwao. Vitanda viwili, friji ndogo, masanduku yamepangwa mpaka darini, picha ya Bikira Maria. Mama na binti wameishi humo miaka kumi na mmoja. Mimi nikakaa kitanda hiki, Mama Rosario kile, magoti yetu yanagusana. Mzee Mwadime hakupata pa kukaa, akasimama ngazini na kuitikia kutoka huko.

Nikasema neno langu lote. Ukoo wetu, marehemu kaka yangu, kazi ya kijana, tabia yake. Sikuruka kitu. Daniela akatafsiri akiangalia sakafu.

Mama Rosario akavua aproni, akaikunja vizuri magotini. Halafu akauliza swali moja.

"Anauliza," akasema Daniela, "watalala wapi?"

Nilijua litakuja na bado lilinikuta sijajiandaa. Ningesema anatafuta nyumba. Si uongo, kweli anatafuta. Moyoni nikamwona Mwakio amekaa manyunyuni kule nje, nikamwona Mkamburi stesheni. Neno moja dogo na narudi na harusi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mwanamke huyu, goti kwa goti. Ulimi ulikataa.

"Chumba kimoja," nikasema. "Kidogo kuliko hiki. Nimelala humo siku tatu."

Daniela hakutafsiri. "Anti, tafadhali."

"Mwambie kama nilivyosema."

Akamwambia. Mama Rosario akainua uso.

"Anauliza dirisha linaangalia wapi."

"Mapipa ya taka."

"Na jiko?"

"Ni la watu wanne. Hawana hata ratiba. Wanagombana tu."

Alipotafsiriwa hilo, Mama Rosario akaachia kicheko kifupi, kikamtoka bila kutaka. Halafu akaanza kuongea, na aliongea sana, akiniangalia mimi na si binti yake. Daniela alimfuata nyuma nyuma.

"Anasema walipotoka Ekuado, aliyewaita Hispania aliwaambia kuna nyumba yenye bustani. Wakafikia kwenye godoro, sebuleni kwa watu. Kazi zilipoisha kule, aliyewaita London akasema kuna fleti. Ndiyo hii. Baba yangu alifariki akiingojea hiyo fleti. Anasema kila aliyekuja kwake na neno alikuja na nyumba nzuri mdomoni. Wewe..." Daniela akajifuta pua. "Wewe umepanda ndege kutoka Afrika kuja kumweleza habari za mapipa."

Niliomba radhi, sijui hata kwa nini.

Mama Rosario akasimama, akapita katikati ya magoti yetu mpaka dirishani, akalisukuma likafunguka kwa kishindo. Nikamsogelea. Ng'ambo ya barabara kijana wetu amekaa kituoni, suti imelowa mabegani, mabasi yanampita. Kumbe huyu mama alikuwa amemwona tangu tulipofika.

Akatoa kichwa nje, akaita kwa sauti iliyosikika mtaa mzima: "Mwakio!"

Daniela akashika mdomo. Hakuwahi, hata siku moja, kumsikia mama yake akilitaja jina hilo. Maneno yaliyofuata yalikuwa ya Kihispania, na Daniela alikuwa analia hawezi kunitafsiria, lakini mkono wa Mama Rosario ulikuwa unamwita kama anavyoitwa mtoto aje kula. Kijana alisimama, akavuka barabara bila hata kuangalia magari, nami nikarudi kukaa kwenye kitanda cha watu, nikalia kwa furaha bila aibu yoyote.